Shamba la Minazi na Zama za Kati

Barua ilifika katikati ya mwezi wa Rajabu, na kwa kuwa katika ukoo wetu barua ya masomo haisomwi na mtu mmoja akaifahamu peke yake, mimi, mjomba wa binti aliyeandikiwa, niliitwa Pangani nije kuwa katibu wa kikao, kazi ambayo aghalabu hupewa mtu anayedhaniwa kuwa hana la kusema. Chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Uingereza kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya Zama za Kati na Mwamko, yaani ile miaka elfu na zaidi ya Ulaya ambayo wengi huihesabu tangu kuanguka kwa dola ya Rumi ya magharibi mwaka 476 mpaka karne ya 16. Na shahada yenyewe, kama barua ilivyoeleza, haikuwa ya tarehe peke yake, wala ya fasihi, wala ya picha na majengo, wala ya elimukale, bali ya hizo zote kwa pamoja, chini ya walimu wa idara nne. Karo ilikuwa nzito. Ami yake alikuwa na shamba la minazi kando ya mto, na shamba hilo ndilo lililokuwa likijadiliwa tangu mwanzo hadi mwisho, ijapokuwa kwa muda wa saa tatu hakuna aliyelitaja.

“Mwanangu,” alianza ami, ambaye umri wake wote ameuza mbata na hajapata kununua gunia asilolitia mkono ndani kwanza, “mimi sina ugomvi na elimu. Seremala namjua kwa mlango wake, na wakili namjua kwa kesi yake. Lakini huyu aliyeonja fani nne asishibe hata moja, siku nikimwita nyumbani kwangu nimwambie afanye nini? Wahenga wamesema mshika mawili moja humponyoka, na wewe wataka kushika manne. Na hayo manne yenyewe ni ya zama zilizokwisha, za watu walio mbali nasi.”

“Ami, niwie radhi nianze na hayo manne,” alijibu binti. “Mwanafunzi wa Paris wa karne ya 13 hakujua kwamba ni manne. Alifundishwa nahau, mantiki na balagha, kisha hisabu, handasa, falaki na muziki, na muziki kwao ulikuwa tawi la hisabu. Akishahitimu hizo saba ndipo anaporuhusiwa kuingia katika sheria, utabibu au ilimu ya dini. Kuta za idara tunazoziona leo, nyingi zimejengwa katika karne ya 19, na mafundi wake wakuu walikuwa vyuo vya Ujerumani. Mtazame Copernicus, aliyechapisha mwaka 1543 kitabu cha kuliweka jua katikati na kuifanya dunia ilizunguke: alisoma sheria Bologna na utabibu Padua, akatunukiwa udaktari wa sheria za kanisa Ferrara mwaka 1503, akawa mtumishi wa kanisa kuu umri wake uliobaki, na katikati ya yote hayo akaandika risala juu ya sarafu na namna zinavyopungua thamani. Nikitaka kumjua mtu huyo, nibishe mlango wa idara gani?”

Nilimwona ami akiinua kichwa kwa ile habari ya sarafu. Lakini kabla hajauliza, Maalim, aliyemfundisha binti huyu Kiarabu na tarehe tangu hajafikia kimo cha meza, alikohoa kidogo, na sote tukajua kwamba hoja iliyo ngumu ndiyo kwanza inaingia.

“Umesema kweli, lakini umesema nusu,” akasema Maalim. “Copernicus hakuonja, Copernicus alitahiniwa, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayonikosesha usingizi kila nisikiapo habari za fani zilizochanganywa. Nitakupa mfano wa mtu wa zama hizo hizo ulizozichagua. Kwa karne nyingi Mapapa walikuwa na hati iitwayo Hiba ya Konstantino, ambayo ilidai kwamba Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, alimkabidhi Papa milki ya Rumi na nchi zote za magharibi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla akaichukua hati hiyo. Hakupima wino wake, hakufukua kaburi la mtu, bali alikisoma Kilatini chake neno baada ya neno, akadhihirisha kwamba ndani yake mna maneno ambayo katibu wa Konstantino asingeyaandika, kama vile kuwaita wakuu wa Rumi kwa jina la maliwali wa Uajemi. Hati ikaporomoka. Lugha peke yake, mwanangu, iliyojuliwa mpaka mzizini! Sasa wewe utakayegawiwa vijiko vinne vya vyungu vinne, nani atakuwa na wasaa wa kukufundisha kulijua neno moja kiasi hicho?”

Nakiri kwamba hapa nilitua kalamu, maana hoja ile ilikuwa yangu pia, nami sikuwa na jibu lake. Binti alinyamaza kitambo, akifikicha ukindu wa mkeka, kisha akasema kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo.

“Maalim, Valla alikuwa katibu wa mfalme Alfonso wa Aragon, na Alfonso alikuwa na ugomvi na Papa juu ya Naples, basi kwanza tunahitaji siasa ili tujue kwa nini risala ile iliandikwa mwaka ule. Tena Valla hakuishia kwenye maneno. Aliuliza kama mwanasheria, je, Kaisari ana haki gani ya kutoa kisichokuwa mali yake binafsi? Akauliza kama mwanatarehe, ikiwa Papa alitawala, wako wapi maliwali aliowateua, na ziko wapi sarafu alizozipiga? Nahau ilikuwa upanga mmoja katika ala yenye panga tatu. Wewe umeiona nahau kwa sababu wewe ni mwananahau.”

“Usimjibu Maalim hivyo,” bibi akaonya kutoka kitandani kwake.

“Mwache, bi mkubwa,” Maalim akacheka, “nimemsomesha mwenyewe, na lawama ni yangu.”

Ami sasa aliuliza swali la mtu wa biashara, kwamba mambo haya yalianzishwa na nani, na kwa mali ya nani. Binti alipitia kwa haraka majina ambayo nayaandika hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu: Chuo cha Wanazuoni wa Zama za Kati cha Marekani kilichoasisiwa mwaka 1925, na jarida lake Speculum lililoanza kutoka mwaka uliofuata, taasisi ya Toronto ya mwaka 1929, ambayo mwanafalsafa Étienne Gilson alikuwa miongoni mwa waasisi wake, mkutano wa Kalamazoo unaofanywa tangu 1962, na ule wa Leeds tangu 1994. Lakini alipofika kwa Aby Warburg alipunguza mwendo, nami nitafanya vivyo hivyo, kwa sababu kisa hiki kilifanya kazi ambayo hoja zilikuwa zimeshindwa kuifanya.

Warburg alizaliwa Hamburg mwaka 1866, mtoto wa kwanza wa ukoo wa wenye benki, na inasimuliwa katika ukoo huo kwamba alipokuwa na umri wa miaka 13 alimwendea mdogo wake Max, akamwachia haki yake ya kuirithi benki, kwa sharti moja, kwamba Max atamnunulia kila kitabu atakachokitaka maisha yake yote. Max, naye mtoto, akakubali. Kumbe kaka yake alikuwa na swali lisilokuwa na mwisho: ilikuwaje miungu na picha na ishara za watu wa kale wa Uyunani zikaonekana tena katika picha za Florence za karne ya 15, baada ya kupita njia gani, mikononi mwa nani, na katika mavazi gani? Swali hilo lilitaka vitabu vya uchoraji, na vya unajimu, na vya dini, na vya sikukuu na maigizo ya mitaani, na hata daftari za wafanyabiashara. Alipovipanga rafuni hakuvipanga kwa fani, bali kwa ujirani, ili mtu aliyekuja kutafuta kitabu anachokijua akione kando yake kile asichokijua, ambacho huenda ndicho chenye jawabu. Warburg alifariki mwaka 1929. Mwaka 1933, Wanazi walipokwisha kushika serikali, wasaidizi wake walivipakia vitabu hivyo, kama 60,000, katika merikebu mbili ndogo zikavuka bahari mpaka London, na mwaka 1944 maktaba ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, ambako mpaka leo kitabu hukaa na jirani yake.

“Na yule mdogo mtu,” akauliza ami baada ya kimya, “aliyebaki na benki. Alipata hasara au faida?”

“Alilipa sana, ami.”

“Hilo nalijua. Nimeuliza kama alipata hasara.”

Hakuna aliyemjibu, na mimi sikuona vema kuandika kitu.

Bibi alikuwa amejilaza akisikiliza, naye akiwa mtu asiyejua kusoma hati ya Kizungu lakini asiyeghafilika katika mambo ya nasaba, aliuliza jambo ambalo wanaume tuliokuwapo hatukulifikiri. “Mmetaja mapapa na makatibu na wenye benki. Katika miaka elfu hiyo wanawake walikuwa wapi?”

Binti alisogea karibu na kitanda chake. Alimweleza kwamba swali hilo limewahi kuulizwa karibu kwa maneno hayo hayo, na mwanatarehe wa Marekani, Joan Kelly, mwaka 1977, alipohoji kama wanawake nao walikuwa na Mwamko, akajibu kuwa zama zile zilizosifiwa kuwafungua wanaume ziliwafungia wanawake wengi milango ambayo awali ilikuwa wazi. Kisha akamhadithia habari ya Dalheim. Huko, katika makaburi ya nyumba ya watawa wa kike nchini Ujerumani, lilifukuliwa fuvu la mwanamke aliyefariki kati ya mwaka 1000 na 1200 hivi, akiwa na umri kati ya miaka 45 na 60. Wataalamu waliuchukua ukoga wa meno yake kwa nia ya kujua alikuwa akila nini, wakaukuta una chembechembe za rangi ya samawati, nyingi. Wanafizikia walizipiga mwanga wakatambua kwamba ni jiwe la lazuli, ambalo katika zama zile lilitoka Afghanistan tu, na ambalo kwa thamani lilishindana na dhahabu. Wachoraji waliojua kazi hawakupewa rangi hiyo ila kwa ajili ya kurasa tukufu. Mwanatarehe wa miswada akaongeza alichokijua kuhusu nyumba za watawa wa kike na vitabu vilivyonakiliwa humo. Walipoyaweka yote pamoja mwaka 2019, dhana waliyoiona kuwa karibu zaidi na dalili ni hii: mwanamke yule alikuwa mpambaji wa vitabu, na kila alipotaka kuinyoosha ncha ya brashi aliilamba kwa ulimi.

“Jina lake nani?” bibi akauliza.

“Halikuandikwa, bibi.”

“Aliandika vya wenziwe, lake halikuandikwa.” Akageukia ukutani.

Daktari, jirani yetu, aliyekuja kwa sababu ya kahawa na kubaki kwa sababu ya meno, alisema kwamba sasa amepata la kuchangia, maana katika fani yake habari za meno ya wafu zimekuwa nyingi. Alitukumbusha ile tauni kubwa iliyoiingia Ulaya mwaka 1347, ikaua katika miaka michache theluthi moja ya watu wake au zaidi, na ambayo chanzo chake kilibishaniwa kwa vizazi vingi. Mwaka 2011 wataalamu waliyatoa meno ya waliozikwa katika makaburi ya tauni ya East Smithfield, London, wakaupata ndani yake urithi mzima wa vinasaba vya bakteria wa tauni. Mwaka 2022 wengine wakarudi nyuma zaidi, mpaka Kara-Djigach, karibu na ziwa la Issyk-Kul katika nchi iitwayo leo Kirgizistani: meno ya watu saba yalipimwa, na watatu kati yao walikuwa na bakteria huyo huyo, tena wa nasaba iliyotangulia matawi yote ya tauni ya Ulaya. “Hao walikufa mwaka 1338 na 1339,” alimaliza Daktari kwa furaha ya mtu aliyefunga mabao. “Kwa hiyo, Maalim, jambo ambalo maandishi yalishindwa kulitatua kwa miaka mia sita, maabara imelitatua.”

Maalim alimtazama kwa huruma.

“Daktari, umejuaje kwamba walikufa mwaka 1338?”

“Imeandikwa katika mawe ya makaburi yao.”

“Kwa lugha gani?”

Daktari hakujua. Binti alijua, lakini aliinamisha macho, na Maalim akajijibu mwenyewe. “Kwa Kisuriani. Walikuwa Wakristo wa mashariki, wakihesabu miaka yao kwa tarehe ya Waseleuko. Makaburi yale yalichimbwa miaka ya 1880, na mtu aliyeyasoma mawe yale na kuyachapisha alikuwa Daniel Chwolson wa St Petersburg, bingwa wa lugha za Kisemiti, asiyejua bakteria wala hakuhitaji kumjua. Miaka zaidi ya mia ikapita. Kisha mwanatarehe wa uchumi, Philip Slavin, akaketi na orodha ile akahesabu, akaona kwamba katika mamia ya mawe yenye tarehe, zaidi ya mia moja ni ya miaka miwili tu, na kwamba baadhi yake yamelitaja neno la tauni waziwazi. Ndipo wakatafutwa watu wa maabara, wakaambiwa: toboeni hapa. Laiti Chwolson angalionja Kisuriani kwa kijiko, mngetoboa wapi?”

Hapa ndipo mjadala ulipogeuka, na ajabu ni kwamba uligeuka pande mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu Maalim, katika kuishinda hoja ya Daktari, alikuwa ameithibitisha ile ya binti: pasipo msomaji wa Kisuriani, mhesabu mawe na mpima meno, kila mmoja wao angebaki na kipande kisichokuwa na maana. Binti naye aliliona hilo, lakini kwa adabu aliyoipata kwa Maalim huyo huyo hakulitangaza. Alisema tu kwamba huko Toronto mwanafunzi wa Zama za Kati, awe wa muziki, wa sheria au wa picha, hatunukiwi shahada yake kabla hajashinda mtihani wa Kilatini unaoogopwa na wote, na kwamba hata chuo kilichompa nafasi kimemwandikia kuwa muhula wa kwanza ni wa Kilatini na wa kusoma miandiko ya kale, kabla ya jambo jingine lolote.

“Hilo hukulisema tangu mwanzo,” Maalim akalalamika.

“Hukuniuliza, Maalim.”

Lakini mzee hakuwa amekwisha, na neno alilolishika sasa ndilo ambalo mimi kwa upande wangu nalipa uzito kuliko yote yaliyotangulia. Alisema kwamba jina lenyewe linamkera. Kati ya nini na nini? Mtu aliyeanza kuzisema karne zile kuwa za giza ni Petrarca, mshairi wa Italia aliyezaliwa mwaka 1304, na Jacob Burckhardt wa Basel akalijengea wazo la Mwamko kasri zima katika kitabu chake cha mwaka 1860, mpaka Charles Homer Haskins wa Harvard alipokuja kulitikisa mwaka 1927 kwa kuonyesha kwamba karne ya 12 nayo ilikuwa na mwamko wake. “Sawa,” alisema Maalim, “lakini mwaka huo huo wa 1304 alizaliwa Tanja mtu mwingine, Ibn Battuta, aliyeingia Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abulmawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Wawili hawa ni marika. Mwaka 1348 tauni ile ile ilimnyang’anya Petrarca yule Laura wake aliyemwimba, na ikampitia Ibn Battuta akiwa Damascus. Aliporudi kwao akaambiwa kwamba mama yake amekufa nayo. Mmoja aliketi katika mwanga wa maktaba zake akaziita zama hizo giza, na mwingine alikuwa akitembea ndani ya giza hilo kutoka mji mpaka mji akikuta makadhi, masoko na wanazuoni. Sasa nikuulize, mwanangu, katika idara hizo nne, iko ya Ibn Battuta?”

Binti alikiri kwamba hakuiona katika barua. Akaongeza, si kwa kujitetea, kwamba huko Damascus, katika msikiti wa Bani Umayya, alikuwako muwakiti, yaani mtunza nyakati za sala, aliyeitwa Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, na kwamba mwaka 1957 Victor Roberts alidhihirisha kuwa hesabu yake ya mwendo wa mwezi ni ile ile aliyoiweka Copernicus katika kitabu chake zaidi ya karne moja na nusu baadaye. Njia iliyopitwa na hesabu hiyo ingali yabishaniwa, na wanaobishana kwa manufaa ni wale wachache wanaojua falaki, Kilatini na Kiarabu kwa pamoja. “Kilatini nitakikuta huko,” alisema. “Kiarabu ninacho kutoka kwako.”

“Unacho cha mtihani,” akasema Maalim.

Mimi katibu, ambaye sikuulizwa rai yangu na kwa hiyo naitoa hapa, niliwaona wote wawili wakisimama mahali pamoja huku kila mmoja akidhani mwenziwe yuko ng’ambo. Mtu asemaye kuwa fani zichanganywe ili mwanafunzi apunguziwe mzigo, huyo Maalim alikuwa na haki ya kumpinga kwa kila silaha. Lakini binti hakuwa amesema hivyo, na mzigo alioutaka ni mkubwa kuliko ule wa mwenye fani moja, kwa sababu atakayemwendea mpima meno na msoma mawe lazima ajue walau kiasi cha kutodanganywa na yeyote kati yao. Kosa lake, kama lilikuwako, lilikuwa la ujana, yaani kuzitaja rafu za Warburg kabla ya kutaja miaka ya kujifunza nahau.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Maalim alisimama, akatafuta bakora yake, akamwambia binti kwamba kuanzia kesho, baada ya sala ya alfajiri, aje kwake na ile nakala ya safari za Ibn Battuta iliyokaa kabatini bila kufunguliwa, na kwamba watasoma pamoja mlango wa Kilwa kwa i’rabu kamili, bila kuruka neno. Daktari aliomba na yeye aje. Maalim akasema ataona.

Ndipo ami, aliyekuwa akiuviringa ushanga wa tasbihi yake kwa muda mrefu bila kuhesabu, alipouliza, kana kwamba ni habari nyingine kabisa, kama yule jamaa wa Tanga bado ananunua mashamba ya kando ya mto. Bibi, akiwa bado ameugeukia ukuta, akasema kwamba kabla halijatajwa neno la kuuza, minazi ile ihesabiwe, maana mara ya mwisho kuhesabiwa marehemu babu alikuwa hai, na daftari alimoiandika hesabu hiyo hakuna aliyeweza kuusoma mwandiko wake.